Riva Hakugeuka

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifundisha kumwita. Aliniambia, huyu mama akili imeanza kumpotea kidogo kidogo, kwa hiyo kila asubuhi mwite jina lake mara tatu, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Nikasema hiyo nayo ni kazi? Sauti ninayo. Kwetu nilikuwa nikiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na walikuja. Basi kila asubuhi nafungua pazia, naweka mikono kiunoni: "Nadya! Nadya! Nadya! Leo ni Jumanne, uko Doha, hapa ni Al Sadd, na uji uko tayari." Na kila asubuhi yule mama, kabla hajanijibu, aligeuza shingo akatazama mlangoni, kuona kama kuna mwingine atakayeitika.

Mwanzoni nilidhani ni uzee. Nikamwambia, "Shosho, ni wewe ninayekuita. Humu ndani Nadya ni mmoja tu."

Akanitazama kwa macho yake ya kijivu. "Hiyo ndiyo shida, Virginia," akasema.

Mimi ni Virginia Wairimu. Nilikuja Doha mwaka 2009 kusafisha vyumba vya hoteli, nikasafisha mpaka magoti yakakataa, ndipo mwaka 2013 nikaajiriwa na Viktor, injinia Mrusi, nimtunzie mama yake. Viktor si mtu mbaya. Ni mtu wa kazi tu. Anaondoka jua likichomoza, anarudi amechoka, anambusu mamake kwenye paji la uso, anauliza, "Amekula?" Basi. Mama mwenyewe alikuwa na miaka themanini, mwembamba, nywele nyeupe fupi, na maringo yake. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka arobaini katika mji mmoja wa kusini mwa Urusi, kwa hiyo tulisikizana vizuri, ila hakuweza kuniacha nimalize sentensi bila kunisahihisha. Nilimwambia, "Shosho, hiki Kiingereza kimelisha watoto wangu, wacha kikae hivyo hivyo." Alicheka mpaka akakohoa. Hilo neno shosho, yaani nyanya kwa Kiswahili cha kwetu, alilipenda kuliko jina lake mwenyewe. Niliona hivyo mapema, sababu sikuijua.

Halafu kulikuwa na mambo ya vikombe. Saa kumi jioni alikunywa chai, na kila siku aliweka vikombe viwili mezani. Cha pili hakikuwa changu. Changu kilikuwa kile kikubwa cha njano. Chai ya kikombe cha pili ilikaa pale mpaka ikapoa ikafanya ngozi juu. Mimi sipendi chai iharibike bure. Siku moja nikaichukua nikainywa yote, nikapangusa mdomo.

"Umekunywa chai ya mtoto," akasema.

"Mtoto yupi?"

"Yule pale, karibu na mashine ya maji. Nywele zake bado ni mbichi. Miaka yote hii hazijakauka."

Woi! Nikageuka. Kulikuwa na mashine ya maji tu, na wakati ule ule ikafanya glu, glu, glu, kama kawaida yake. Lakini vinyweleo vya mikono vilinisimama, nami si mwoga. Nilipomhadithia Onyango, dereva aliyekuwa akitupeleka kliniki, alikataa hata kuingia ndani kuchukua pochi ya shosho. "Mathe, huyo shosho anabonga na nani?" akaniuliza, yaani anaongea na nani. "Mimi nitangoja hapa nje kwa gari. Wewe enda tu, uko na imani." Mjinga huyo. Kila siku alijidai hana hofu na kitu.

Ukweli wenyewe niliupata dirishani. Mbele ya jengo letu walikuwa wakijenga hoteli, na kila alasiri wafanyakazi wa zamu ya mchana walipanga foleni kando ya barabara, kila mmoja na kimfuko chake cha chakula, wakingoja basi la kampuni liwarudishe kambini kule Industrial Area. Msimamizi alishika karatasi, akasoma majina. Aliyeitwa aliitika, akapanda. Shosho alikuwa akisogeza kiti chake mpaka kioo, anashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Kwa nini wanaitika?" akaniuliza siku hiyo.

"Shosho, wanaenda kulala. Wamefanya kazi tangu alfajiri kwenye hili joto."

"Sisi pia tuliambiwa tunaenda kulala mahali pazuri."

Nikazima pasi. Kuna wakati mtu anasema jambo na unajua ukiendelea kupiga pasi utamkosea. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, naye akanieleza, bila kunisahihisha hata mara moja.

Hakuzaliwa Nadya. Alizaliwa Riva, katika mji wa bandari unaoitwa Odesa, binti ya fundi wa saa, na watu wao walikuwa Wayahudi. Wajerumani walipovamia mwaka 1941 baba alienda jeshini, hakuonekana tena. Serikali ilikuwa ikihamisha watu mbali na vita, basi mama akapanda treni na wasichana wake wawili, Riva wa miaka minane na Bella wa mitatu. Walisafiri majuma mengi, wakashushwa katika kijiji kimoja cha nyika, mashamba ya ngano na alizeti kila upande. Wahamishwa kama wao walikuwa familia thelathini na kitu, karibu wote Wayahudi. Wenyeji waliwagawana majumbani. Wao walichukuliwa na mjane mmoja, Pasha, aliyekuwa na mtoto mmoja tu, rika la Riva. Huyo ndiye aliyekuwa Nadya. Wasichana watatu walilala kitanda kimoja mwaka mzima, wakigombania blanketi.

Julai ya mwaka uliofuata Nadya alishikwa na homa ya matumbo, na siku ya tano akafa. Pasha alimwosha, akamwosha na nywele, akamzika nywele zikiwa mbichi, kwa sababu mizinga ilikuwa ikisikika na hapakuwa na muda wa kungoja zikauke. Hata mwandishi wa kijiji alikuwa amekimbia, kwa hiyo kifo hicho hakikuandikwa popote. Agosti Wajerumani wakaingia kijijini.

"Hawakuanza kwa risasi," shosho aliniambia. "Walianza kwa tangazo."

Tangazo lilisema wahamishwa wote wa Kiyahudi wakusanyike uwanja wa shule, na nguo, na chakula cha siku tatu, wapelekwe mahali penye nafasi wakaishi. Mama yake Riva akaoka mkate. Akawaogesha wasichana, akawasuka. "Alitusugua mpaka shingo," shosho akasema. "Virginia, ukijua mtoto anaenda kuuawa, unamsugua shingo? Mama yangu aliwaamini."

Uwanjani kulikuwa na mikokoteni ya farasi, na mtu mwenye karatasi. Jina likisomwa mtu anaitika, anapanda. Mama na Bella walikuwa wamekwisha panda. Riva alikuwa bado chini, anafunga kamba ya kiatu, na pale pale Pasha akatokea mbio na aproni yake. Akamshika sikio. Akamnasa kofi moja la uso, kofi la mama kwa mwanawe. "Nadya! Mpumbavu wewe! Ng'ombe amekata kamba nawe umekuja kutazama watu!"

Askari akamzuia, akamwinamia mtoto mwenyewe. Jina lako nani?

Kofi lilikuwa linawaka shavuni. Mtoto akasema, "Nadya."

Mwenye karatasi akasoma jina la Riva. Kimya. Ndipo mama yake, kule juu ya mkokoteni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo alikufa kwa homa, mwezi wa saba." Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale kando ya ua, na kila mmoja alijua nani alikufa na nani yu hai. Hakuna aliyefungua mdomo. Shosho hakuwahi kuwasamehe watu wale kwa kusimama tu na kutazama, lakini kimya hicho, alisema, ndicho kilichomwokoa.

Pasha akaanza kumburura mkono. Sasa Bella, mtoto wa miaka minne, angejua nini? Aliona dada yake anaachwa. Akaita: "Riva! Riva! Riva, rudi!"

"Na mama?" nikauliza.

"Mama akamwambia, nyamaza Bella, yule si Riva. Yule ni Nadya. Akasema kwa sauti kubwa ili wasikie."

"Na wewe?"

"Mimi sikugeuka," akasema.

Mikokoteni ilikwenda nyuma ya kinu, mahali palipokuwa pakichimbwa udongo wa matofali. Pasha alimfungia jikoni, akachukua sufuria na mwiko, akaanza kugonga, akagonga, akagonga, mkono ukichoka anabadilisha, ili mtoto asisikie. Alisikia. Wote wale waliooka mikate ya siku tatu, hata mmoja hakurudi. Baada ya vita waliweka jiwe pale, likaandikwa kwamba hapa wamelala raia. Majina hakuna.

Akabaki na Pasha, akakua na vyeti vya Nadya, akasoma kwa jina la Nadya, akaolewa, akamzaa Viktor. Mume wake alikufa bila kujua. Viktor naye hakujua. "Ningemwambia nini?" shosho akaniuliza. "Kwamba mamake aliitwa na mdogo wake na hakugeuka?" Nikamwambia ulikuwa mtoto, ungegeuka wangekuua. Akaniangalia vile mwalimu anamwangalia mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

Naye Nadya alikuwa amekuja kudai jina lake. Hilo ndilo lililokuwa likimla shosho. Alianza kuja pale akili ya shosho ilipoanza kupotea, na hakusema kitu kingine ila hiki: umelitumia miaka sabini, nirudishie, nami nilale. "Na ni haki yake," shosho akasema. "Lakini nikimpa, mimi nitabaki nani? Langu nililiacha uwanjani." Akanishika kiganja. "Nataka kabla sijafa mtu aniite Riva, na mimi niitike. Mara moja tu. Kisha mwenzangu achukue lake." Akaniapisha nisimwambie Viktor mpaka siku atakayoitika mwenyewe.

Niliapa. Mtu mwingine angeona ni ndoto za mzee. Mimi sikuona hivyo. Tulikuwa tunaishi karibu na Molo, na ile Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lori letu lilisimamishwa barabarani na wanaume wakataka vitambulisho, kwa sababu kwetu jina lako la pili linasema ulikotoka. Mwanamke aliyekaa kando yangu alisoma jina lake kwa sauti. Sitaki kuendelea. Nasema tu kwamba najua jina linaweza kumshusha mtu kwenye gari.

Basi tukaanza kujaribu. Kesho yake nilifungua pazia, nikakohoa kidogo, nikasema, "Riva." Haki ya Mungu, uso wake ulifungika kama mlango. Meno yakakazana, macho yakaenda ukutani, jasho likamtoka na kiyoyozi kinavuma. Nikajaribu kwa kunong'ona. Nikajaribu nikiwa jikoni, kana kwamba namwita tu aje ale. Nikajaribu kuimba, naye akaniambia baadaye kwamba sauti yangu ni mbaya. Miezi ikapita. Kila mara shingo yake ilikuwa inakataa, ile shingo iliyosuguliwa. Baadaye anajilaza, analia bila sauti, na mimi nalia naye kwa hasira. Na saa kumi, vikombe viwili.

Mwisho wa 2014 binti yangu Edith akanipigia kutoka Ol Kalou, ana mimba ya pili, na daktari ameona ni msichana. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Lazima nieleze. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza anachukua jina la mama wa baba yake. Edith alikuwa ametimiza hilo, mtoto wa kwanza akawa Jerusha. Msichana wa pili anachukua jina la mama wa mama yake. Yaani mimi. Edith ndiye binti yangu wa pekee, na alikuwa amesema huyu wa pili ndiye wa mwisho. Kwa hiyo zamu ilikuwa yangu, na ilikuwa moja tu. Mtoto angekuwa Wairimu. Angekuwa mimi nimezaliwa tena, na Edith angemwita mama.

Nilikaa na furaha hiyo siku tatu. Siku ya nne nikampigia.

"Mwite Riva," nikamwambia.

"Mami, Riva ni nani?"

"Ni mtu wangu."

"Mtu wako wa wapi? Mami, watu wataniuliza Riva ni nani kwa ukoo, niwaambie nini? Hii ni zamu yako! Unataka kumpa mzungu?"

Nyumbani walisema Doha imenitia wazimu. Kaka yangu Ndirangu alinitumia ujumbe mrefu sana ambao sikuujibu. Lakini mimi nilikuwa nimefikiri hivi: jina likishapewa mtoto linaanza upya. Linanyonya, linalia, linapigiwa kelele toka asubuhi mpaka jioni, kuja hapa, acha hiyo, kula. Na linaitika! Jina la Riva lilikuwa limekaa kwenye shimo la udongo zaidi ya miaka sabini. Nikasema nitalitoa, liende likacheze huko Ol Kalou kwenye baridi na matope, na shosho akishajua lipo hai mahali, koo litafunguka. Sikutoa kitu nilichokuwa nacho kingi. Nilitoa changu cha pekee. Mwishowe Edith alikubali, na siku mtoto alipobatizwa nilijifungia chooni nikalia kwa ajili ya Wairimu ambaye hatakuwepo.

Ijumaa iliyofuata nikanunua keki. Nikamvalisha shosho gauni la buluu, nikaketi mbele yake, nikamwambia mjukuu wangu amezaliwa na ameitwa jina lake, lile la kweli.

Nilingoja anikumbatie. Mikono yake ikaanguka pajani.

"Lakini mimi ni mzima," akasema.

"Ndiyo, shosho, ndiyo uzuri wenyewe!"

"Wewe umefanya nini, Virginia? Sisi mtoto hapewi jina la aliye hai. La aliyekufa tu! Nyanya yangu alisema malaika wa mauti anakuja na jina, basi, hana picha. Akikuta wawili anachukua yeyote." Alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinalia. "Umemsimamisha mtoto wako uwanjani badala yangu. Mbadilishe. Leo, leo hii mbadilishe!"

Jamani. Nikasimama, nikasema maneno ambayo mtu hasemi kwa mgonjwa. Nikamwambia nimetoa zamu yangu, nimegombana na nyumba nzima, na yeye ananiletea habari za malaika asiyejua kusoma sura. Nikamwambia, kwetu nyanya anabeba mtoto mwenye jina lake mgongoni na wote wawili wanaishi. Naye akanigeuzia mgongo. Keki ilikaa mpaka Onyango akaila.

Lakini hofu inaambukiza. Siku hiyo nilimpigia Edith mara nne kumwuliza kama mtoto anapumua. Mara ya nne akaniambia, "Mami, padri ameshaandika. Amua moja." Nilikaa jikoni nikawaza. Kisha nikarudi chumbani, nikasimama miguuni pa kitanda.

"Sibadilishi," nikamwambia. "Huyo malaika wako akija akiita Riva, wewe ndiye mkubwa. Itika wewe kwanza, mtoto aachwe. Usipoitika, hapo ndipo atamtafuta mwingine."

Alinitazama, na machoni mwake sikuona hasira tena.

Tangu siku hiyo hatukujaribu tena kuita. Jina hilo halikutajwa humo ndani. Picha za mtoto alikataa kuziona. Ijumaa nilipokuwa nikiongea na nyumbani kwa video, nilijifungia jikoni ili asisikie. Ila nikitoka ananiuliza, bila kuinua macho, "Huyo mtoto, anakula?" Wiki nyingine: "Meno yameota?" Mara nikamkuta anafuma kofia ndogo nyekundu, anaifuma vibaya kwa sababu ya macho, anafumua, anaanza tena. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema huko kwenu kuna baridi, sivyo? Nikaituma na mtu aliyekuwa anaenda likizo. Na vikombe bado vilikuwa viwili, nami sikugusa tena chai ya mwenyewe.

Aprili 2016 mapafu yakamshika. Hospitali walimlaza wiki mbili, kisha daktari akamwambia Viktor ampeleke nyumbani, ni siku chache tu. Viktor akachukua ruhusa kazini, kwa mara ya kwanza nikamwona mchana. Hakujua akae wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shosho alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea mlangoni, pale alipokuwa akitazama siku zote. Siku tatu hakusema neno. Nilijua anamtazama nani pale. Nilisikia uchungu mwingi kwamba ataondoka hivyo, na jina la watu shingoni, na lake halijaitikiwa. Nilimwambia Mungu wazi kwamba hili si sawa.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Saa tisa simu ikalia, ni Edith kwa video. Sikuweza kumwacha shosho peke yake, kwa hiyo niliegemeza simu kwenye kikombe changu cha njano pale kando ya kitanda, nikashusha sauti, nikasema tuongee dakika mbili tu. Edith alikuwa amekalisha simu yake juu ya kigoda uani, anapepeta maharagwe. Nyuma yake niliona matope, kuku, na mtoto mwenye kofia nyekundu iliyofumwa vibaya, anatembea ile kutembea ya mtoto aliyejifunza juzi, tumbo mbele, anaelekea kwenye lango lililokuwa wazi, na barabara iko pale pale nje.

Edith hakuwa ameona. Jerusha aliona, yule mkubwa wake, ambaye bado hajaanza shule. Akaachia alichokuwa nacho mkononi, akaita kwa nguvu zake zote:

"Riva! Riva! Riva, rudi!"

Nikarusha mkono kuizima simu, na kabla sijaifikia, kile kichwa cheupe kikasogea juu ya mto. Shosho alikuwa anageuka. Aligeuza shingo polepole, akaacha kuutazama mlango, akageuka mpaka upande wa pili, akaifikia ile sauti. Akafungua mdomo, akajibu.

Alijibu kwa lugha yake. Sauti haikuwa ya mwalimu wala ya mgonjwa. Ilikuwa nyembamba, ya mtu anayejibu akiwa mbali na anataka asikike. Katika maneno yote nililijua moja tu, Bella.

Viktor alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Alikuwa amepauka.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Anasema, niko hapa, Bella. Ningoje, nakuja." Akanigeukia. "Nani huyu anayeitwa Bella? Mama hana mtu anayeitwa Bella."

Kwenye simu kulikuwa na kelele za kuku na za Edith, kisha uso wa Jerusha ukajaa kioo chote, anahema, amemshika mwenzake kiganja.

"Cucu, usiogope," akaniambia mimi nyanya yake. "Nimemshika. Siwezi kumwachilia."

Shosho alikuwa amefumba macho, na pumzi yake ilikuwa ikienda taratibu, uso bado umeelekea simu. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kutazamwa tena ila Viktor na glasi yake. Nilikuwa nimeapa mpaka siku atakayoitika, naye alikuwa ameitika.

"Vuta kiti," nikamwambia Viktor. "Bella ni mama yako mdogo. Ana miaka minne."